Mtu Asiyejuta Hupimwaje?

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nimeanza na methali hiyo kwa sababu nataka tuzungumze juu ya watu ambao kwa nje wanapendeza, kumbe ndani hamna huruma hata chembe. Wataalamu huwaita masaikopathi. Sisi hapa shuleni tumelichukua neno hilo tukalifanya la mchezo. Mwenzako akila chapati yako, "saiko huyu!" Kiranja akikuandika jina, "saiko yule!" Hata mimi nimelitumia, tena vibaya kuliko wengi, na makala haya nayaandika ili nilipe sehemu ya deni hilo.

Mwaka jana, muhula wa pili, vitu vilianza kupotea bwenini mwetu. Kwanza sabuni, kisha soksi, kisha pesa za nauli za mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza. Kulikuwa na mvulana aliyehamia kwetu kutoka shule nyingine, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi. Mtoto yule alipokuwa akililia nauli yake, yeye aliendelea kupiga viatu vyake rangi kana kwamba hakuna neno. Basi mimi nilikuwa nimesoma mahali kuhusu orodha ya mambo 20 ambayo wanasaikolojia huitumia kuwapima wahalifu. Usiku ule, badala ya kufanya hesabu za mwalimu, nilikaa kitandani na kalamu nikampa yule mvulana alama. Alipata 33 kati ya 40. Nikawaonyesha wenzangu karatasi. Kufikia asubuhi, jina lake lilikuwa "Thelathini na Tatu".

Nitakirudia kisa hicho. Kwanza hebu tuitazame kazi hii jinsi inavyofanywa na wenyewe waliosomea, ndipo utaona nilipotea wapi.

SAIKOPATHI SI MWENDAWAZIMU

Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili. Mwendawazimu aweza kusikia sauti ambazo hazipo, au kuamini kwamba majirani wote wanapanga kumwua. Saikopathi sivyo. Yeye anajua yuko wapi, anajua leo ni siku gani, na anajua vizuri sheria inakataza nini. Kinachopungua ni ule uchungu ambao wewe na mimi huusikia tunapomwumiza mtu. Anajua kwamba moto unaunguza, ila ukimwunguza mwenzake yeye haoni neno.

Hapa kwetu Kenya, mtu akishtakiwa kwa kosa la kuua, kwa kawaida hupelekwa kwanza kwa daktari wa akili, kwa mfano katika Hospitali ya Mathari kule Nairobi, kabla ya kuulizwa kama anakubali au anakataa shtaka. Daktari anataka kujua kama akili zake ni timamu na kama anaweza kuielewa kesi yake. Saikopathi angelipita swali hilo bila shida. Swali tunalolishughulikia leo ni jingine kabisa. Mtu huyu ambaye akili zake ni timamu, ana moyo wa namna gani?

Mmoja wa watu waliolieleza jambo hili vizuri ni Hervey Cleckley, daktari wa akili wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1941. Aliwaeleza wagonjwa waliokuwa wacheshi, werevu na wenye maneno matamu, lakini waongo na wasiojuta. Wengi wao hawakuwa wauaji. Shida ni kwamba maelezo yale hayakuwa kipimo. Daktari mmoja akiyasoma angesema, "Huyu ndiye," na mwingine angesema, "Siye." Ilikuwa kama kuuza kitambaa bila futi. Kila muuzaji anapima kwa mkono wake mwenyewe, na mikono hailingani.

HARE NA MFUNGWA RAY

Aliyetafuta futi ya kupimia ni mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Hare. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliajiriwa kwa muda katika gereza kuu la jimbo la British Columbia. Alikuwa kijana na hakuwa na ujuzi wa magereza. Katika saa yake ya kwanza aliingia mfungwa ambaye Hare, katika kitabu chake cha mwaka 1993, amempa jina la kubuni la Ray. Ray alikaa, akatoa kisu alichojitengenezea, akakipunga, akasema ati anataka kumdunga mfungwa mwenzake. Alikuwa anampima Hare. Je, atabonyeza kengele ya hatari? Atawaambia askari? Hare alinyamaza. Tangu siku hiyo Ray akajua amempata mtu laini, akawa haishi kumwomba msaada huu na ule, na kila mara akiahidi kubadilika.

Hare alipokuwa karibu kuondoka, gari lake lilitengenezwa katika gereji ya gereza. Akiwa safarini, anateremka mlima, breki zikakataa. Ray alikuwa akifanya kazi katika gereji hiyo hiyo! Miaka baadaye Hare akawa mwalimu wa chuo kikuu. Siku moja akawaona wanafunzi wapya wamepanga foleni kujiandikisha, na mmoja anajigamba kwamba alikuwa msaidizi wa Hare gerezani. Alipotazama, alikuwa Ray. Jamaa hakuona haya hata kidogo.

Katika miaka ile ile ya 1960 Hare alifanya jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi wa sayansi alijue. Aliwafunga wafungwa vyombo vya kupima jasho la ngozi, kisha akawaonyesha namba kuanzia 1 hadi 12. Aliwaambia mapema kwamba namba 8 ikifika watapigwa na umeme. Wafungwa wa kawaida walianza kutoka jasho kabla ya namba hiyo kukaribia, kama wewe unavyotoka jasho ukiona mwalimu anagawa karatasi za mtihani. Wale waliodhaniwa kuwa masaikopathi jasho lao lilikuwa haba. Umeme ulikuwa njiani na wao hawakuuogopa mpaka ulipofika.

Lakini hata jaribio hilo lilihitaji kwanza kujua nani ni saikopathi na nani siye. Ndiyo sababu mwaka 1980 Hare akatoa orodha yake ya kwanza. Mwaka 1991 akaitoa ikiwa imerekebishwa, na mwaka 2003 ikatoka chapa ya pili. Hiyo ndiyo inayotumika katika magereza na mahakama za nchi nyingi.

FAILI KWANZA, MANENO BAADAYE

Sasa tuingie kazini. Mwanasaikolojia haanzi na mfungwa, huanza na faili. Faili hilo laweza kuwa na ripoti za polisi, hukumu za zamani, barua za shule alikosoma utotoni, kumbukumbu za waajiri, maelezo ya jamaa zake, na daftari la tabia yake gerezani. Akilimaliza ndipo humwita mfungwa wakazungumza, mara nyingi kwa saa moja na nusu au mbili, na pengine zaidi ya siku moja. Humwuliza juu ya shule, kazi, wazazi, ndoa, pesa, marafiki, na makosa yake.

Kwa nini faili? Kwa sababu mtu anayepimwa ni fundi wa uongo! Ukimsikiliza bila faili utatoka pale unamhurumia, na pengine umemkopesha nauli. Kanuni ya kipimo hiki ni kwamba faili likiwa na habari za kutosha, mtu anaweza kupewa alama hata bila mahojiano. Mahojiano bila faili, la hasha, hayafai. Kama habari za jambo fulani hazipo, mpimaji haruhusiwi kukisia. Huliacha wazi, na yakiachwa wazi zaidi ya matano, kipimo chote hakifai.

Mambo 20 yenyewe, nikiyaeleza kwa maneno yangu, yamo katika mafungu manne:

1. Namna anavyowaendea watu. Ulimi mtamu usio na kina, majivuno makubwa, uongo wa kila mara, na hila za kuwatumia wengine.

2. Hisia zake. Kutojuta, hisia za juu juu tu, ukosefu wa huruma, na kukataa kubeba lawama ya matendo yake.

3. Maisha yake. Kutafuta msisimko kila saa, kuishi kwa jasho la wengine, kukosa mipango ya kweli ya mbele, kutenda bila kufikiri, na kutowajibika.

4. Ugomvi wake na sheria. Hasira za haraka, utundu mbaya tangu utotoni, makosa ya jinai akiwa kijana, kuvunja masharti akiachiliwa mapema, na kufanya makosa ya aina nyingi.

Hayo ni 18. Mawili yaliyobaki ni kuwa na wapenzi ovyo ovyo na kuoa au kuolewa mara nyingi kwa muda mfupi. Kila jambo hupewa 0 likiwa halipo, 1 likiwa lipo kiasi, na 2 likiwa lipo waziwazi katika maisha yake yote. Kwa hiyo alama za juu kabisa ni 40.

Tuchukue mfano wa kubuni kuhusu kutojuta. Tuseme mfungwa wa kwanza anasema, machozi yakimlengalenga, "Najuta sana kumwibia yule mzee. Hata usingizi sipati." Faili linasema wiki hiyo hiyo alikuwa akiwasimulia wenzake kisa hicho huku akicheka, na kwamba ametuma vitisho kwa shahidi. Huyo anaelekea 2. Tuseme mfungwa wa pili amenuna tu, hata pole hasemi. Faili linasema kila akipata pesa kidogo za kazi ya gerezani humtumia aliyemdhulumu, na mambo kama hayo yameonekana tangu zamani. Huyo anaelekea 0. Njia ya mwongo ni fupi, na faili ndilo huonyesha inapoishia. Vilevile faili humwokoa yule asiyejua kujieleza.

Inapendekezwa wapimaji wawili wafanye kazi hii kila mmoja peke yake, kisha alama zao zilinganishwe. Nao si watu wa kuokotwa barabarani. Wanatakiwa wawe wamesomea saikolojia na kufunzwa kipimo hiki chenyewe.

ALAMA 30 NI NINI?

Kule Amerika ya Kaskazini, anayefika 30 ndiye huitwa saikopathi. Wafungwa wa kiume wa huko kwa wastani hupata kama 22. Kwa hiyo usidhani kila mfungwa ni saikopathi. Wengi wao sivyo. Na futi hii hailingani kila mahali. Watafiti wa Uskoti walipowachunguza wafungwa wao, waliona kwamba 25 ya kwao ni kama 30 ya Amerika. Kama Waskoti, wanaozungumza Kiingereza sawa na Wakanada wengi, walihitaji kuirekebisha futi, sisi tutaichukuaje kutoka kwenye karatasi na kuitumia bwenini?

Mfano wa alama kubwa ni Clifford Olson wa Kanada, aliyewaua watoto na vijana 11 mwaka 1980 na 1981. Alipokamatwa alidai alipwe ndipo aonyeshe maiti zilipo, na familia yake ikalipwa dola 100,000. Mwaka 1997 aliomba nafasi ya kufikiriwa kuachiliwa mapema. Daktari wa akili aliyetoa ushahidi alisema Olson alipata 38 kati ya 40. Baraza la wazee wa mahakama lilichukua kama dakika 15 tu kumkatalia. Alikufa mwaka 2011 akiwa bado mfungwa.

Kwa mtu kama Olson, nani atalalamika? Matendo yake yalitosha hata bila alama. Taabu iko kwa wale wa katikati, wenye 24, 27 au 31. Kule Kanada alama hizi hutumika katika kesi za kuamua kama mhalifu atafungwa bila muda maalumu. Kule Texas, Marekani, kabla ya mtu kuhukumiwa kifo, wazee wa baraza huulizwa kama anaelekea kuendelea kuwa hatari. Hapo ndipo mwanasaikolojia huitwa kizimbani na namba yake. Tofauti ya alama nne au tano inaweza kuwa ni maisha ya mtu.

Je, namba hiyo haina upendeleo? Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio lao. Waliwalipa wataalamu zaidi ya 100, wakawapa mafaili yale yale ya wahalifu. Baadhi waliambiwa wameajiriwa na upande wa mashtaka, wengine na upande wa utetezi. Walioambiwa ni wa mashtaka walitoa alama za juu zaidi kuliko wale wa utetezi. Faili moja, orodha moja, lakini kila mmoja akavutia kwa aliyemlipa, pengine bila hata kujijua. Mwaka 2020 kundi la wataalamu likaandika tamko kwamba kipimo hiki kisitumiwe katika kesi za hukumu ya kifo kubashiri kama mtu atafanya ukatili mkubwa akiwa gerezani, maana hakiwezi kubashiri hilo kwa uhakika wa kutosha.

Sisemi kipimo hakifai. Utafiti mwingi unaonyesha kwamba wenye alama za juu hurudia makosa kuliko wengine, na anayefikiria kumwachilia mfungwa anahitaji kujua hilo. Nasema ni chombo kikali. Daktari wa upasuaji humponya mtu kwa kisu, na mtoto akikishika kisu hicho hicho huenda akajikata.

KISA CHETU

Sasa turudi bwenini. Baada ya wiki tatu hivi mwalimu wetu wa ushauri nasaha aliniita. Nilidhani nitaadhibiwa. Aliiweka karatasi yangu mezani, akauliza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, umezungumza na huyu kijana kwa saa ngapi?"

"Hatujazungumza, Mwalimu."

"Faili lake umelisoma?"

"La, Mwalimu."

"Na umri wake unaujua?"

"Kumi na sita, Mwalimu."

"Basi hizi 33 umezitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Alinieleza kwamba orodha ile ni ya watu wazima. Ipo nyingine ya vijana, iliyotolewa mwaka 2003, na hata hiyo wataalamu wengi huwa waangalifu sana kuitumia, kwa kuwa kijana bado anakua. Kutenda bila kufikiri, kutafuta msisimko, kujiona mkubwa, nani kati yetu katika Kidato cha Tatu hana? Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani haumruhusu mtu kuambiwa ana ugonjwa wa tabia ya kuvunja haki za wengine kabla hajafika miaka 18.

Kisha akanipa karatasi tupu mbili. Akasema nijipime mwenyewe, na rafiki yangu anipime pia. Nilijipa 6. Rafiki yangu, ambaye tulikuwa tumekosana kwa sababu ya kiti cha darasani, alinipa 19! Kwenye kutojuta alikuwa ameandika 2. Nikamwuliza ni kwa nini.

"Wiki tatu unamwona jamaa anakula peke yake," akasema, "na ugali wako unashuka tu."

Ndugu msomaji, maneno hayo yaliniingia. Nilikwenda nikamwomba yule mvulana radhi. Alisema, "Sawa," akaendelea na shughuli zake. Muhula ulipokwisha alihama. Muhula wa tatu sabuni zikaendelea kupotea. Nimemwandikia barua kwa anwani ya kwao, nikaeleza tena kosa langu. Hajanijibu, wala simdai jibu.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, ukimwogopa mtu kwa sababu ya alichofanya, mwambie mwalimu au mzazi, ueleze ulichokiona kwa macho yako, siku na mahali. Hiyo ni haki yako. Hukumu ya moyo wake waachie wenye kazi, ambao nao wakilitimiza faili na mahojiano bado huhitaji mpimaji wa pili. Mimi sikuwa hata na nusu ya hayo.

MSAMIATI

Mkakasi – kikopo kidogo cha mti chenye nakshi, cha kuwekea vitu vya urembo.
Saikopathi – mtu mwenye akili timamu ambaye hana huruma wala majuto, na huwatumia wengine kwa faida yake.
Mwanasaikolojia – mtaalamu wa mambo ya akili na tabia za watu.
Wazee wa baraza – raia wanaoketi mahakamani kusikiliza ushahidi na kutoa uamuzi.
Kubashiri – kusema jambo litakalotokea kabla halijatokea.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini mahojiano peke yake hayatoshi kumpima mfungwa?
2. Eleza tofauti kati ya swali la daktari anayechunguza akili timamu na swali la anayepima usaikopathi.
3. Wataalamu wa jaribio la mwaka 2013 na rafiki yake mwandishi walifanana kwa jambo gani?
4. "Afadhali kumwita mtu mwizi kuliko kumwita saikopathi." Jadili.